Lifti ya Gari Imegoma Hewani: Jua Kwanza Mzigo Umekaa Juu ya Nini

Noah iko juu, mita moja na nusu kutoka sakafuni. Bushi zimeshabadilishwa, fundi anavuta mkono wa kushushia, gari halishuki. Anavuta tena, kimya. Hapo ndipo mambo huharibika, maana mmoja hukimbilia nyundo ili agonge loki, mwingine hushika spana alegeze bomba la mafuta akiamini gari litashuka lenyewe taratibu. Halitashuka taratibu. Bomba likifunguka hakuna kinachodhibiti kasi ya mafuta, upande mmoja unaporomoka, wa pili unabaki juu, na gari linaanguka kiubavu. Nyundo nayo ikifanikiwa inaachia loki iliyobeba tani nzima, na aliyeshika nyundo yuko hapo hapo chini.

Tunazungumzia lifti ya nguzo mbili inayotumia mafuta, ile ya tani 3.5 au 4, yenye silinda kwenye kila nguzo. Kabla ya kugusa chochote kuna swali moja linalomaliza zaidi ya nusu ya kazi: hivi sasa uzito wa gari umekaa juu ya nini? Majibu yako matatu tu.

La kwanza ni mafuta. Mota inazungusha pampu, mafuta yanasukumwa kwenye silinda, pistoni inapanda na kuinua kigari, yaani kile kipande kinachotembea ndani ya nguzo na kubeba mikono inayoshika gari kwa chini. Ukiachia swichi, valvu ya njia moja inayazuia mafuta yasirudi tangini. Gari linasimama, lakini limesimama juu ya mafuta, na mafuta si mahali pa kuegesha gari.

La pili ni loki, ndimi za chuma zinazoingia kwenye matundu au meno ya nguzo kila baada ya sentimita 7 hadi 10 hivi. Zile "ta! ta! ta!" unazozisikia lifti ikipanda ndizo zenyewe. Kila mtu anayefanya kazi chini ya gari anatakiwa afanye hivyo loki zote mbili zikiwa zimebeba, na hiyo ndiyo sababu lifti nyingi "zilizogoma" hazina ubovu wowote. Loki imeshika kwa sababu kazi yake ni kushika.

La tatu ni nyaya za kusawazisha. Hizi zinatoka kigari kimoja kwenda kingine kupitia puli za juu na chini, ili upande mmoja usimtangulie mwenzake. Kwenye lifti ya aina hii hazikutengenezwa kubeba gari. Ukikuta zinabeba, ujue upande mmoja umenasa na mwingine umeshuka. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote.

Kuangalia bila kugusa

Toa watu wote chini, zima sakiti breka, kisha chukua tochi na futi ya kupimia. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye kila mkono, kulia na kushoto. Tofauti ya sentimita moja isikutie hofu. Ikizidi sentimita 2 au 3, pande zimeachana, usikae karibu na upande uliobaki juu. Mulika kila loki kwa nyuma ya nguzo: je, ulimi umeingia na kubanwa, au umening'inia bila mzigo? Mwisho tazama nyaya. Zinatakiwa zikaze karibu sawa. Mmoja ukilegea kama kamba ya kuanikia nguo na mwenzake umekaza kama uzi wa gitaa, jibu unalo.

Kama gari liko sawa na unaweza kufika bila kupita chini yake, egemeza stendi ndefu kwenye sehemu ngumu za chesisi. Kama limeinama, acha stendi. Usimruhusu mtu apande ndani ya gari "kusawazisha uzito", na usianze kufungua kitu kizito. Gari lililoshushwa injini tayari ni zito nyuma. Ukiongeza mabadiliko hapo unacheza na mizani ambayo huioni.

Loki zimebeba na gari liko sawa

Hali hii ndiyo ya kawaida, na dawa yake inawashangaza wageni: ili ushuke, panda kwanza. Rudisha sakiti breka, bonyeza swichi ya kupandisha, gari liinuke kama sentimita 5, ndimi zitoke kwenye meno. Kama uliweka stendi, ziondoe. Sasa vuta kamba ya kuachia loki, hakikisha pande zote mbili zimeachia, ndipo ubonyeze mkono wa kushushia. Anayevuta kamba bila kupandisha anapambana na uzito wa gari zima. Kamba itakatika kabla ya loki kusogea.

Umepandisha na bado upande mmoja haukuachia? Fuata kamba. Lifti nyingi zina mkono wa kuachia kwenye nguzo yenye mota tu, na waya mwembamba unapita juu au chini ya sakafu kwenda nguzo ya pili. Waya huo ndio unaoteseka ukanda wetu wa pwani ya kusini. Shangani ya Mtwara, Mikindani, Lindi mjini, kote huko upepo wa bahari unaleta chumvi mpaka ndani ya gereji, na waya wa milimita chache ndani ya ganda lake unashika kutu bila kuonekana. Unavuta sentimita 4 upande huu, kule inafika moja. Springi ya loki nayo ikioza, ulimi hauingii vizuri wala hautoki vizuri. Kwa Newala au Masasi tatizo la chumvi ni dogo, vumbi ndilo kubwa: linachanganyika na grisi nzito na kutengeneza kitu kama ugali mweusi kwenye pini ya loki. Ndiyo maana pini hizi zinapakwa oili nyepesi, si grisi. Grisi iweke kwenye njia za kigari kama kitabu cha lifti kinavyoelekeza.

Umeme ukikatika gari likiwa kwenye loki, tulia. Gari lililokaa kwenye loki zote mbili linaweza kulala hapo mpaka kesho. Subiri umeme urudi, au tumia jenereta yenye nguvu ya kutosha: mota ya kilowati 2.2 inapoanza inavuta umeme mara tano au sita ya ule wa kawaida, hivyo kijenereta cha kVA 2.5 cha dukani kitaishia kukoroma. Tafuta cha kVA 7.5 au zaidi. Baadhi ya lifti zina tundu la kufunga pampu ya mkono ya haidroliki, nayo inafaa sana kwa hizo sentimita 5. Gari likiwa juu ya mafuta, bila loki, halihitaji umeme kushuka; mkono wa kushushia unafungua valvu na uzito unafanya kazi. Isipokuwa loki zako ziwe za sumaku ya umeme, hapo umeme ukikatika zinabaki zimefunga mpaka uziachie kwa mkono kama mtengenezaji alivyoweka.

Upande mmoja umeshuka, mwingine umenasa

Acha mkono wa kushushia mara moja. Kishawishi ni kuvuta ule upande ulionasa uachie. Usifanye. Ukiachia sasa, upande wa juu utaanguka hadi pale waya utakapoudaka, na hakuna anayejua waya ule una hali gani. Kanuni ni kurudisha upande ulioshuka juu. Washa umeme, bonyeza kupandisha kidogo kidogo, mtu mmoja akisimama mbali anaangalia mikono na kutamka vipimo. Mafuta huelekea kwenye silinda yenye mzigo mdogo, na kwa kuwa upande ulionasa umelala kwenye loki, unaweza kuona upande wowote ukianza kusogea. Ikiwa wa juu ndio unaopanda zaidi, simama hapo. Hiyo ni kazi ya kreni au winchi yenye uwezo wa kubeba gari lote kutoka juu, pamoja na fundi wa lifti.

Pande zikishakuwa sawa, laza gari kwenye loki zote mbili. Hapo ndipo utafute sababu. Mara nyingi ni kamba ya loki tuliyoitaja. Mara nyingine waya wa kusawazisha umeruka kwenye puli ulipolegea, umejibana kati ya puli na ukuta wa nguzo. Waya ulioruka namna hiyo haurudishwi puli ukaendelea kutumika. Umepindwa, nyuzi zake za ndani huenda zimevunjika hata kama nje unang'aa. Futa waya kwa kitambaa ukiwa umevaa glavu: kitambaa kikinasa, kuna nyuzi zilizokatika. Nyaya hubadilishwa zote mbili kwa pamoja, kwa kipenyo na urefu ule ule wa mtengenezaji. Waya wa kuvutia magari unaouzwa kwa mita dukani hauna ushahidi wa uwezo wake, na kichwa chake kilichobanwa kwa klipu mbili ni balaa.

Ukifunga nyaya mpya, zirekebishe kwa masikio. Pandisha lifti tupu usikilize loki. "Ta" ya kushoto na "ta" ya kulia zinatakiwa zilie pamoja. Zikilia "ta-ta", upande unaochelewa kaza nati ya waya wake nusu mzunguko, jaribu tena. Kazi ya dakika ishirini, na haihitaji kifaa chochote zaidi ya ukimya. Zima redio.

Lifti haipandi kabisa

Hapa wengi hulaumu pampu, na pampu ndiyo kitu cha mwisho kuharibika. Sikiliza mota kwanza.

Mota inanguruma bila kuzunguka: kwenye umeme wa fezi moja, shuku kapasita (kile kikopo kinachoisaidia mota kuanza) au umeme mdogo. Chukua mita, pima volti kwenye mota yenyewe wakati swichi imebonyezwa, si kwenye soketi wakati hakuna kinachofanya kazi. Umeme wetu ni volti 230; ikishuka chini ya 207 mota inapata shida kuanza. Na mara nyingi anayeiba volti hizo si TANESCO, ni waya wa gereji. Waya wa milimita 2.5 za mraba ulioburutwa mita 40 kutoka kwenye mita unaweza kupoteza karibu volti 40 mota inapoanza kuvuta ampea 70 na kitu. Volti 190 si upungufu mdogo kama unavyosikika, kwa sababu nguvu ya mota kuanza inapungua kwa mraba wa volti: umebaki na karibu asilimia 68 tu. Lifti tupu itapanda. Ukiweka Land Cruiser, mota itanguruma, itapata joto, na siku moja itanuka. Tandika waya wa milimita 6 za mraba moja kwa moja hadi kwenye mota, na breka yake yenyewe. Usiunganishe lifti na mashine ya kuchomelea kwenye ekstensheni moja.

Kwenye fezi tatu, mngurumo bila kuzunguka maana yake karibu kila mara fezi moja imepotea. Zima upesi, mota inaungua kwa dakika chache.

Mota inazunguka vizuri lakini hakuna kinachopanda: tazama mafuta tangini lifti ikiwa chini kabisa. Kisha, kama ni fezi tatu na kuna mtu alifungua nyaya karibuni, tazama mshale wa mzunguko. Mota iliyogeuzwa inazunguka kwa furaha zote na pampu haisukumi tone. Badilishana nyaya mbili kati ya tatu. Sababu nyingine ni bomba la kunyonya lililolegea na kuvuta hewa (mafuta yatakuwa na povu kama la sabuni), au valvu ya kushushia iliyobaki wazi kwa takataka.

Lifti tupu inapanda, yenye gari haipandi: baada ya umeme, fikiria mzigo wenyewe. Msimu wa korosho ukianza, Oktoba na kuendelea, pikapu zinaingia gereji na mzigo mgongoni. Gunia la korosho ni kilo 80 hivi, magunia 15 ni kilo 1,200. Ongeza pikapu ya zaidi ya tani mbili, bado uko chini ya tani 4, kwa hesabu ya karatasi. Ila uzito wote wa magunia uko nyuma ya katikati ya gari, mikono ya nyuma inabeba sehemu kubwa, kigari kinapindishwa na kuuma ukuta wa nguzo. Hata kama kitapanda, kitakwama wakati wa kushuka. Shusheni magunia. Na yule anayekaza skrubu ya valvu ya kuzuia presha ili lifti "ipate nguvu" aondolewe funguo. Valvu hiyo imewekwa kiwandani ili presha ipungue kabla kitu hakijapasuka.

Inashuka kwa kigugumizi, au inazama yenyewe

Kushuka kwa mitetemo ni hewa ndani ya mafuta. Pandisha lifti tupu hadi juu na kuishusha hadi chini, mara tano au sita. Kama silinda zina skrubu ya kutolea hewa kwa juu, ilegeze kidogo kwa presha ndogo mpaka mafuta yatoke bila mapovu. Kushuka polepole mno lifti ikiwa tupu si ubovu kila mara, uzito wa mikono peke yake ni mdogo. Ikiwa na gari na bado inajivuta, chujio la valvu ya kushushia limeziba au mafuta ni mazito. Tumia mafuta ya haidroliki ya namba 32, au 46 kwa joto letu kama kitabu kinaruhusu. Tangi nyingi zinachukua lita 10 hivi. Mafuta ya breki kamwe: yanavimbisha sili za mpira, na wiki chache baadaye utazinunua zote.

Ukitafuta panapovuja, tumia kipande cha boksi, si kiganja. Ndani ya mabomba haya presha inazidi bar 150, na uzi mwembamba wa mafuta unaingia chini ya ngozi bila maumivu mengi mwanzoni. Aliyechomwa hivyo apelekwe hospitali saa ile ile hata kama tundu ni dogo kama la sindano. Mwambie daktari ni mafuta ya presha.

Wakati mwingine ubovu hauko kwenye lifti hata kidogo. Uko sakafuni. Zege lenye unene wa sentimita 6 lililomwagwa kwa ajili ya kuegesha magari halishiki nguzo. Watengenezaji wengi wanataka angalau sentimita 10, na sisi tungemwaga 15 lenye nondo na kusubiri siku 28 kabla ya kutoboa. Mchanga wa pwani wenye chumvi usiingie humo, unakula nondo na bolti taratibu kwa ndani. Bolti zikilegea nguzo inainama, na nguzo iliyoinama inabana kigari. Ning'iniza timazi kutoka juu ya nguzo, pande mbili. Uzi ukiachana na nguzo chini kuliko juu, usitie karatasi za bati kuziba pengo. Shusha lifti, kaza bolti kwa spana ya kupima nguvu kwa kiwango cha kitabu, na kama bolti inazunguka bila kukaza, tundu hilo limekufa.

Mwenye gereji huku kusini aweke akiba, kwa sababu vipuri vinatoka Dar es Salaam, kilomita 560 hivi kwa basi mpaka Mtwara mjini, na barabara hiyo iliwahi kukatika Somanga mvua za Mei 2024. Weka kapasita moja, springi mbili za loki, waya wa kuachia loki, sili za silinda zote mbili, na dumu la lita 20 la mafuta lililofungwa vizuri. Nyaya za kusawazisha agiza mapema, namba ya modeli iko kwenye kibati cha nguzo. Kipige picha kabla kutu haijaila.

Ukishatengeneza, usilete gari la mteja kwanza. Pandisha na kushusha tupu mara tatu. Kisha weka gari jepesi, IST inatosha, pandisha sentimita 50, usiliweke kwenye loki, chora mstari wa chaki kwenye kila nguzo usawa wa kigari. Ondokeni wote kwa nusu saa. Vigari vikizama chini ya mstari na silinda ziko kavu, takataka zimekaa kwenye valvu: shusha gari, litoe, na lifti ikiwa tupu washa mota huku umeshika mkono wa kushushia kwa sekunde kumi hadi kumi na tano ili mafuta yasafishe kiti cha valvu, urudie chaki. Kama mafuta yanatiririka kutoka kichwani mwa silinda, sili imekwisha.

Chaki ikibaki pale pale, leta pikapu. Bila magunia.